Mbawakawa wa Baba Muna

Mwezi wa sita mwaka 1997 alikuja Garsen mzungu mmoja kutoka Saiprasi kutafuta mavi ya ng'ombe. Hakutafuta dhahabu wala mafuta. Alitafuta mavi. Alipanda ndege mbili na basi moja, akashuka stendi na kofia yake ya ukindu, akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni: "Samahani, ningependa kuonyeshwa kinyesi kibichi." Watu wa Garsen tumezoea wageni wa kila namna, wa dini, wa visima, hata wa kuhesabu nyani kule mtoni, lakini huyu tulimtazama mara mbili. Kisha tukamwonyesha. Kitu hicho kwetu hakijawahi kuadimika.

Aliitwa Daktari Leandros. Si daktari wa kutibu. Ungemletea mtoto ana homa angekuuliza kama ana mabawa. Alikuwa daktari wa mbawakawa, wale wadudu weusi wenye gamba gumu wanaofukia mavi ardhini na kuyaviringa madonge. Miaka thelathini alikuwa akiwaokota kwenye pwani yote ya mashariki ya Bahari ya Mediterania: kwao Saiprasi, Lebanoni, Shamu, mpaka Antiokia ile ya kwenye Biblia. Alikuwa anaandika kitabu cha kuwapanga wote, nani ni wa aina gani na nani ndugu ya nani. Katika kundi moja tu la hao wadudu alikuwa amegundua aina mpya kumi na nne, kila moja akaipa jina la Kilatini. Sasa alitaka kulinganisha na wa kwetu, kwa sababu aliamini mababu wa wale wa kwao waliondoka huku zamani za kale wakifuata nyayo za ng'ombe. Safari ndefu kwa mdudu ambaye hamalizi uwanja wa shule kwa siku nzima, lakini mimi ni nani nimbishie msomi.

Mimi ni Abdia. Ni Muorma wa hapa hapa, nilisoma mpaka kidato cha pili, na mwandiko wangu walimu walikuwa wakiupitisha darasa kwa darasa ili wengine waone haya. Mume wangu hakusoma hata siku moja. Alichunga ng'ombe. Nitamwita Baba Muna, kwa kuwa Muna ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, na kwa kuwa kwetu mke hataji jina la mumewe. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, na mbele ya mama yake mzazi ndiyo usithubutu kabisa. Mama mkwe wangu, Sabdio, alikaa na mume miaka arobaini na hakulitamka jina lake hata mara moja. Alipokwenda kuandikisha kitambulisho akaulizwa jina la mume, alinyamaza mpaka karani akaenda kumuuliza jirani.

Najua wasomi wanatucheka kwa hilo. Na wacheke. Wao huyaita majina ya waume zao kutwa, tena kwa ukali, na sijaona ndoa zao zikishinda zetu.

Daktari alikodi chumba nyuma ya duka la Mwaringa, Mgiriama mmoja muuza mahindi, akatuajiri sisi wawili: Baba Muna aokote wadudu, mimi niandike lebo. Lebo yenyewe ni kikaratasi kidogo kama ukucha. Juu yake unaandika nchi, mahali, tarehe, na jina la aliyeokota, halafu kinachomwa pini moja na mdudu, wanakaa pamoja milele. "Mdudu asiye na lebo si mdudu," Daktari alinifundisha siku ya kwanza, kwa uso wa khatibu wa Ijumaa. "Ni takataka."

Nilimuuliza penye jina la mwokotaji niandike nini.

"Andika anavyoitwa," akasema.

Nikaandika anavyoitwa. Baba Muna. Sikusita hata kidogo, maana kwangu kuliandika lile jina na kulitamka lilikuwa kosa moja. Daktari akaiangalia lebo kwa kioo chake, akasema safi sana. Nilikuja kuelewa baadaye kilichopita kichwani mwake. Kwao mke na watoto hubeba jina la ukoo la baba. Sasa mimi huitwa Mama Muna, mume wangu Baba Muna, mtoto Muna. Msomi akajumlisha akapata familia nzima ya akina Muna, na Baba likawa jina alilopewa mwenye nyumba alipozaliwa. Mtu aliyeweza kutofautisha wadudu wawili kwa unywele mmoja wa goti.

Kazi ikaanza. Alfajiri Baba Muna alifuata ng'ombe na mkebe wake, mchana akaleta mzigo, mimi nikaandika. Wadudu wakipungua, Daktari alinipa zile lebo zake za zamani zilizoingia ukungu nizinakili upya. Nimefika Bairuti mara sitini bila kutoka nyuma ya duka la Mwaringa. Nikiona mtu siku hizi anajigamba amefika Mombasa mara mbili, najinyamazia tu.

Na yapo mambo niliyoandika ambayo sikumwambia mama mkwe. Mbawakawa wakifanana kwa nje, wataalamu humpasua dume wakaangalia tupu yake kwenye hadubini, kwa kuwa hapo ndipo kila aina hutofautiana na nyingine. Daktari alikaa ameinama, jicho moja limefumba, akinisomea: urefu nukta kadhaa, ncha imepinda kushoto. Nami naandika. Jina la mume wangu siwezi kulitaja hadharani, lakini vipimo vya uchi wa mbawakawa wa Antiokia ninavyo mpaka leo.

Jioni moja Baba Muna alikaa chini akalitazama lile sanduku la wadudu wageni alilokuja nalo Daktari, zile aina kumi na nne wa Mediterania, kila mmoja kwenye safu yake na jina lake la Kilatini. Alitazama muda mrefu jinsi anavyotazama ng'ombe wa mtu mnadani.

"Mama Muna," akaniambia, "muulize Daktari kwa nini ndugu ametenganishwa na ndugu."

Nikamuuliza. Daktari akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mtu. Akaeleza: hawa wana pembe ndefu kichwani, hawa fupi, hawa hawana. Aina tatu. Ameandika makala tatu.

"Huyu alikula akashiba," Baba Muna akasema, akionyesha wa pembe ndefu. Akaonyesha asiye na pembe. "Huyu mama yake alimwekea mavi kidogo. Ni njaa tu."

Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, na nakiri niliitafsiri ile njaa kwa raha. Daktari alicheka. Alisema kuna bwana mmoja wa Athens, adui yake wa miaka ishirini, ambaye huandika upuuzi huo huo kila mwaka. Baba Muna hakubishana. Alichukua makopo manane ya mafuta ya kupikia, akatia mchanga, akaweka katika kila kopo dume na jike wa aina moja ya kwetu. Makopo manne akayatilia mavi ya kujaa. Manne akayatilia konzi moja. Akafunga kitambaa juu, akayaweka kivulini nyuma ya duka. Mwaringa akalalamika harufu, akaambiwa ni sayansi.

Wiki ya sita wakatoka wana. Kwenye makopo ya shibe madume walikuwa na pembe utadhani fahali. Kwenye makopo ya konzi madume walikuwa vipara. Wazazi wa aina moja, damu moja.

Daktari alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akiwa na kopo mkononi, akiwahesabu wadudu mmoja mmoja mpaka chai ikapoa. Sikumcheka, ingawa kinywa kiliniwasha. Kesho yake alichukua kalamu akaanza kufuta majina. Katika kumi na nne akafuta sita. Akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba yule bwana wa Athens ndiye aliyekuwa sahihi. Nilimpenda siku hiyo. Wasomi niliowaona mimi hapa, na wanasiasa ndio usiseme, hakuna aliyewahi kufuta hata moja.

Mwezi wa tisa Baba Muna akaleta mdudu mdogo mwenye madoa ya manjano mabegani. Daktari alimtazama akasema huyu anamjua, ni yule yule wa Lebanoni, akamweka kwenye safu ya Lebanoni.

"Si yeye," Baba Muna akasema. "Huyu haviringi, hachimbi. Anangoja mwenzake amalize kufukia, anaingia, anataga kwenye mali ya mwenzake. Wa kwenu wanafanya hivyo?"

Wa kwao walikuwa wanafukia wenyewe, kwa jasho lao. Daktari akakamata hadubini. Akawapasua madume watatu, akanisomea vipimo, sauti yake ikipanda kila namba. Ncha imepinda kulia. Hakuna mdudu wa namna hiyo katika kitabu chochote duniani. Alikuwa ameishi chini ya miguu yetu siku zote akila jasho la wenzake, wala hajaandikwa popote. Mimi nikapendekeza apewe jina la mheshimiwa mmoja wa huku kwetu, kwa jinsi tabia zao zilivyolingana. Daktari akasema hapana. Atapewa jina la aliyemuona.

Akatueleza sheria yake. Unachukua jina la mtu, unaongeza herufi moja ya Kilatini mwishoni, unachapisha kwenye jarida la wataalamu pamoja na maelezo na picha. Basi. Likishachapishwa halibadiliki, hata mfalme hawezi kulibadilisha. Miaka mia tano ijayo msomi yeyote akimtaja yule mdudu atataja jina la Baba Muna.

Baba Muna alicheka mpaka akashika ubavu. "Mdudu wa mavi," akasema, "tena mwizi." Lakini usiku huo huo alikwenda kumwambia mama yake.

Ukitaka kuelewa kwa nini alikwenda, lazima ujue lililokuwa likisemwa nyumbani kwao. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, tuna Muna tu. Kwetu jina la mtu hubebwa na mwanawe wa kiume: fulani bin fulani, na babu nyuma yake, mpaka mwanzo wa ukoo. Shemeji yangu Issack ana wavulana watano, na hakuacha kutukumbusha, kwa huruma nyingi ya uongo, kwamba jina la ndugu yake litakatika kwake. Sabdio hakusema kitu. Alikuwa anahesabu mababu jioni kwa wajukuu, na akifika kwa mwanawe huyu alinyamaza kidogo, halafu anaendelea na wa Issack. Nilikuwa nasikia kule kunyamaza. Kuliniuma kuliko matusi.

Sasa Sabdio alimsikiliza mwanawe, akauliza huyo mdudu anazaa? Akaambiwa anazaa sana. "Na wote wataitwa kwa jina lako?" Wote. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Jioni iliyofuata, alipohesabu mababu, kwa mwanawe hakunyamaza. Alilisema jina akavuta pumzi kwa fahari, akaenda kwa Issack. Mimi niliyekuwa nawacheka wote na mdudu wao nilitoka nje nikalia kwa furaha, sikutaka wanione nikaharibu sifa yangu ya kucheka.

Mwezi wa kumi mvua ikaanza, ile iliyopewa jina la Kihispania redioni. Mto Tana ukapanda, ukaacha kujua wapi mto na wapi barabara. Daktari aliondoka kwa boti mpaka Kipini akikumbatia masanduku yake kama mama na mapacha. Baba Muna na Issack walihamisha ng'ombe mbali na mto, kwenye ardhi ya mchanga. Mbu wakawa mawingu. Kisha ng'ombe wakaanza kuharibu mimba, mmoja baada ya mwingine, na watu waliowagusa wakashikwa na homa ya kutoka damu.

Baba Muna aliwavuta wale ndama wafu kwa mikono yake, kwa kuwa hakuweza kuona ng'ombe akiteseka. Mwezi wa kwanza, 1998, walimleta kwa mtumbwi, ana homa ile ile. Alikaa siku nne. Nilikuwa nimezoea kumfanyia mzaha kwa kila jambo na sasa sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilimshika mkono nikamwambia, Baba Muna, Baba Muna, na hakujibu. Makaburi yalikuwa chini ya maji. Tukamzika kwenye mchanga nyuma ya shule. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Nilimpenda, na mpaka leo nikisikia ng'ombe wakirudi jioni naangalia nani yuko nyuma yao.

Nilikaa eda. Nilipotoka, maji yalikuwa yamerudi mtoni na barabara ilikuwa imefunguliwa, na posta ikaleta bahasha kutoka Saiprasi. Ilikuwa imesafiri wiki tano. Ndani mlikuwa na salamu nyingi za Daktari, ambaye hakujua lililotokea, na nakala ya makala yake kabla ya kuchapishwa. Nikawaita wakwe. Tulikaa mbele ya duka la Mwaringa, kwa kuwa mzungu ni mgeni wake pia, nami nikasoma na kutafsiri. Pembe, miguu, madoa ya manjano, ncha imepinda kulia. Hapo nilipapitisha haraka. Kisha nikafika kwenye jina.

*Babamunai.* Na chini yake: aina hii imepewa jina kwa heshima ya Bwana Baba Muna wa Garsen.

Sabdio alingoja. "Sasa soma jina la mwanangu," akasema.

"Ndilo hilo, mama."

"Hilo si jina. Hilo ni wewe unavyomwita."

Issack alikuwa amekaa kwenye gunia. Safari hii hakuwa na huruma ya uongo. Alikuwa mweupe midomo. "Muna wako wangapi hapa Garsen?" akauliza. "Baba Muna wako wangapi?"

Watano, ukitaka kujua. Mmoja anauza mafuta ya taa pale stendi, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapata habari. Alikuja amevaa kanzu safi kunishukuru. Alisema siku zote alijua Mungu ana mpango naye. Akaniuliza kama Saiprasi watamlipia nauli ya kwenda kumuona mdudu wake. Nilimfukuza kwa mwiko, lakini jioni stendi nzima walikuwa wanamwita Daktari Mbawakawa, naye anaitika.

Nilikaa chumbani na ile karatasi. Lebo mia nne na kumi na mbili nilizoziandika kwa mwandiko ule wa kupitishwa darasa kwa darasa, na zote zinasema Baba Muna. Hakuna aliyenidanganya, hakuna aliyekosea kunakili. Mkono wangu mwenyewe ndio uliomfuta mume wangu. Mkoani kote hakuna aliyejua kuheshimu kama mimi, na hiyo heshima ikamla. Nilijichukia sana usiku ule, na sikuona la kuchekesha.

Asubuhi nikasoma tena barua ya Daktari, mpaka chini. Makala itachapishwa Ijumaa tarehe ishirini na sita mwezi wa sita. Marekebisho yoyote yapokelewe kabla ya hapo. Namba ya simu ilikuwa pembeni. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi tarehe ishirini na tano.

Simu ya posta ilikuwa imefufuka mwezi ule. Nilikwenda, na Sabdio akanifuata. Nilimwambia jua kali, akae nyumbani. Akatangulia. Pale posta kulikuwa na foleni ndefu, nusu yao wamekuja kupiga simu, nusu wamekuja kusikiliza simu za wengine. Karani, Karisa, alihangaika na nambari zaidi ya saa nzima. Akapata Nairobi, akapoteza Nairobi, akapata mwanamke aliyezungumza Kifaransa. Mwishowe akaniashiria niingie kwenye kile kibanda cha mbao. Mlango wake ulikuwa umeng'olewa na maji ya mafuriko, kwa hiyo faragha ilikuwa ya kutosha kwa watu thelathini.

Sauti ya Daktari ilikuja ndogo, kutoka chini ya kisima. Nilimwambia kwa ufupi. Baba Muna amefariki. Nikamsikia anavuta pumzi, na aliposema pole sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayelia. Nikamwambia la pili: lile si jina lake. Nikamweleza.

"Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano nilikaa naye, sikumuuliza jina." Halafu msomi ndani yake akaamka. "Nitabadilisha. Nitawapigia simu wachapishaji sasa hivi. Lakini lazima nieleze kwenye makala kwamba lebo zilikosewa, na kanuni ni lazima aliyeandika lebo ndiye asahihishe. Kwa kauli yake. Ni wewe, Mama Muna. Niambie jina."

Nikafungua kinywa.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa na miezi mitano ya ujane. Niliwahi kumwita kwa hasira, kwa njaa, kwa mapenzi, kwa kumtafuta gizani, na jina lake hasa sikuwahi kulitaja. Nilimtazama Sabdio. Alisimama pale penye mlango usiokuwapo, ameshika nguzo, na nyuma yake foleni nzima imesogea kusikiliza, pamoja na Baba Muna wa mafuta ya taa ambaye hakuwa na mtu wa kumpigia.

Nikampa simu Sabdio. Nilifikiri, yeye ni mama yake, ana haki. Aliishika kwa mikono miwili, akaanza kumsalimu Daktari kwa Kiorma kama anavyosalimiwa mtu mwenye adabu: je, mmeamka na amani, ng'ombe wako na amani, malisho yapo, mvua imepita, watoto wako na amani. Hakuruka hata salamu moja. Karisa alinionyesha vidole viwili, dakika mbili. Nikaichukua simu. Daktari alikuwa akiuliza kwa hofu kama laini imeingiliana.

"Ni mama yake," nikasema.

"Mwambie namsalimu sana. Mama Muna, siwezi kuandika alilosema yeye. Sema wewe."

Nikageukia ukuta. Niliziba mdomo kwa mkono, nikanong'ona ndani ya ile simu, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mimi mwenyewe sikusikia.

"Sikukusikia," Daktari akasema.

Kidole kimoja cha Karisa.

Nikafunika simu kwa kanga, nikamgeukia mama mkwe wangu. "Nisamehe, mama," nikamwambia. "Siwezi mbele yako. Toka nje kidogo tu."

Hakutoka. Alinitazama vile anavyonitazama nikiunguza maziwa.

"Huko anakokaa huyo mtu ni mbali?" akauliza.

"Mbali, mama."

"Ng'ambo ya bahari?"

"Ng'ambo."

"Basi mbona unanong'ona? Mtu aliye ng'ambo ya bahari husikia minong'ono?" Akaniondolea kanga kwenye simu kwa mkono wake. "Sema kwa sauti."

"Dukicha," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani; wale wa mwisho wa foleni waligeuka. "Dukicha. Mume wangu anaitwa Dukicha."

Nilimsikia Daktari akiandika. Akalisoma herufi kwa herufi, nikamwambia ndivyo. Akasema ameshalipata, limetosha, anawapigia wachapishaji sasa hivi.

Sabdio alikuwa analia, machozi yanashuka yenyewe na uso umetulia. "Amesema nini?"

"Amesema amelipata, mama. Limetosha."

"Mwambie tena," akasema.

Nikalisema tena.